Donge la Pili

"Msuko haufumwi kwa donge moja."

Bibi Anyisile aliyasema maneno hayo huku akimenya njegere, wala hakuinua macho. Lusajo, mjukuu wake, alikuwa ametoka kuuliza kwa nini shangazi yao aliyefiwa bado anajifungia chumbani na kulia, ilhali wafiwa wengine wa mwaka ule walikwisha kurudi mashambani.

"Msuko gani, Bibi? Wa nywele?"

"Wa nywele husukwa. Mimi nimesema haufumwi."

Lusajo na mdogo wake wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza maana bibi yao hakucheka. Akasogeza ungo karibu na magoti yake.

"Methali hii ina mwanzo wake," alisema, "na mwanzo wenyewe ni huu."

Huko Ludodi, kijiji cha juu kabisa mlimani, ambako jalidi huunguza majani ya viazi na maji ya ndoo huamka yakiwa na ngozi ya barafu, wanawake walikuwa na umoja wao wa kufuma. Ukifiwa, umoja ulikufumia blanketi. Kila mwanamke alifuma kipande kimoja cha mraba cha sufu nyeupe. Siku ya kuanua matanga vipande viliungwa, mfiwa akafunikwa mabegani mbele ya watu, naye akainuka kutoka mkekani. Kabla hajafunikwa hakushika jembe wala hakwenda kisimani. Alikaa tu, na watu walimwacha akae.

Kipande kimoja hakikufumwa na umoja. Kile cha katikati, walichokiita kitovu, alikifuma mfiwa mwenyewe. Wazee walisema majirani wanaweza kukuzungushia joto pande zote, lakini katikati ya msiba wako utafika wewe.

Mwenyekiti wa umoja na mgawaji wa sufu alikuwa mjane aitwaye Skolastika Luvanda. Sanduku la sufu lilikaa chumbani kwake, na ufunguo wake ulikaa kwenye pindo la kitenge chake. Alikuwa na sheria moja. "Donge moja, kipande kimoja," alisema, na donge la uzi aliloweka mkononi mwako lililingana na la jirani yako kama mayai ya kuku mmoja. Hakuwa mchoyo. Kondoo walikuwa wachache, na vikongwe waliojua kusokota uzi walizidi kupungua. Tena alikuwa ameshuhudia vikundi vikivunjika kwa sababu fulani alipewa zaidi ya fulani. Kwake yeye, haki ilikuwa kitu cha mviringo cha kushikwa kiganjani, na alilala vizuri akijua hajawahi kumpunja mtu.

Sheria hiyo alikuwa ameifuata mwenyewe. Mumewe alipoangukiwa na mti msituni, Skolastika aliketi mkekani, akafuma kitovu chake bila kuinua kichwa, akakimaliza kabla hata jamaa wa mbali hawajafika, na uzi ukabaki. Alivuta kila kitanzi kwa nguvu zake zote. Kipande kilitoka kimekazwa hata maji yaliyomwagika juu yake yaliviringika kama juu ya jani la kabichi. Wanawake walikipitisha mkono kwa mkono. "Huyu ndiye mwanamke," walisema. Sifa hiyo aliishika kama fimbo ya kutembelea. Blanketi lenyewe hakulitumia sana. Lilikuwa halimpashi joto katikati, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Basi mwaka mmoja, kipupwe kikiwa kikali, alifariki binti aitwaye Ipyana. Alikuwa amemaliza shule ya ufundi ya masista, binti mwepesi wa kucheka, na homa ilimchukua upesi hata mama yake, Sekela, alikuwa bado anampozea uji alipoambiwa auweke chini.

Umoja ukafanya kazi yake. Skolastika alimpelekea Sekela donge lake, akambana bega kama alivyowabana wafiwa wote, akaenda. Vipande vikaanza kurudi kimoja kimoja, vyote vya bapa, yaani ufumaji wa kawaida usio na nakshi, ambao ndio pekee wanawake wa Ludodi walioujua. Vilirudi vyote isipokuwa kitovu.

Siku ya kuanua matanga ikapangwa. Maharage yakachaguliwa, wageni wakaalikwa. Mchana wa siku iliyotangulia, Skolastika alikwenda nyumbani kwa Sekela pamoja na wenzake kuunga vipande. Miongoni mwao alikuwa Tabea, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua kukaa mezani bila kuchovya.

Walimkuta Sekela mkekani, sindano mikononi. Kipande chake kilikuwa chembamba, na kilikuwa hakijafika hata nusu ya urefu. Juu yake kulikuwa na michirizi iliyopandana, mingine kama kamba nene zilizosokotana, mingine kama vyumba vya sega la nyuki. Uzi ulikuwa umemwishia. Mkia uliobaki haukutosha kuzunguka kidole.

"Mama Luvanda," Sekela alisema kwa sauti ndogo, "naomba donge jingine."

"Donge jingine?" Tabea alidakia. "Kwa kipande cha kumfunika paka? Jamani, mwenzetu donge zima amelipeleka wapi?"

"Limo humu," Sekela alisema.

"Humo! Labda amejifumia na soksi."

Mmoja akacheka, akajizuia. Skolastika hakucheka. Alijisikia kama mtu aliyewekewa mzigo mzito na kuambiwa asiutue. Kesho watu wangekuja. Mbele yake palikuwa na wanawake waliopewa donge moja wakatosheka, wengine wao wakiwa wamezika watoto pia. Akimpa huyu la pili, angewaambia nini wale?

"Mama Ipyana," alisema, "msiba si mahali pa mapambo. Sote tulifuma bapa. Mimi nilifuma bapa. Kipande hiki kimeharibika, na kilichoharibika hufumuliwa. Lete nikifumue, tuanze upya kwa uzi huu huu, tutasaidiana, jioni kitakuwa tayari."

Sekela alikitazama kipande, kisha akamtazama Skolastika, na mikono yake ikalegea. Hakukitoa, ila hakukishika pia. Skolastika akakichukua, akachomoa sindano, akauvuta uzi.

Sufu ikifumuliwa hutoa sauti ndogo, kama mtu anayetembea juu ya majani makavu akiwa mbali. Chumba kizima kiliisikiliza. Mstari mmoja ukafumuka, na wa pili. Uzi ukajaa mapajani mwa Skolastika, umejikunja kunja, ukateremka mkekani. Aliendelea kuvuta. Alitazamia utakoma upesi, maana kipande kilikuwa kidogo, lakini haukukoma. Ulikuja na kuja, ukafika miguuni pa Tabea, na Tabea akairudisha miguu yake nyuma taratibu. Wote walikuwa wafumaji, na macho ya mfumaji hupima uzi hata asipotaka. Donge zima lilikuwa humo, bila kupungua hata unyuzi.

Skolastika aliona hayo kabla ya wote. Mkono wake ulitaka kusimama, ila aibu ya kusimama ilikuwa kubwa kuliko aibu ya kuendelea, kwa hiyo akavuta tena. Ghafla uzi ukakwama. Akautazama. Palikuwa na fundo.

Mkono wa Sekela ukaja ukatua juu ya wake.

"Basi hapo, mama. Hilo ndilo fundo nililounga. Uzi wa umoja unaishia hapo."

"Na huu wa chini?"

"Huo ni wa Ipyana."

Mistari michache ilikuwa imebaki, upana wa vidole viwili hivi.

"Alikuwa ananifundisha," Sekela alisema. "Misuko hii walifundishwa shuleni na sista mmoja, ambaye kwao ni karibu na visiwa vya Aran, huko ng'ambo. Ipyana alisema kule nako ni baridi na upepo kama huku kwetu. Akaanza hiki kunionyesha. Alipougua akaniambia, 'Mama, endelea, nikipona nitakuja kukosoa.' Sasa mimi naendelea. Nikikosea nafumua mwenyewe, maana najua pale angenicheka."

Skolastika alishika vile vitanzi vilivyobaki, vimekaa wazi midomo kama vifaranga. Kimoja kilikuwa kinateleza. Uzi ungekimbia kidogo tu, msuko wa binti ungeanza kuachia. Akakiwahi kwa ncha ya sindano, kisha cha pili na cha tatu, mpaka vyote vikarudi mahali pake. Hapo ndipo alipovuta pumzi.

"Mama Mwenyekiti," Tabea alinong'ona, na safari hii hapakuwa na mzaha, "na wageni wa kesho je?"

"Waje wale maharage, waende. Matanga hayaanuliwi."

Akawaomba wenzake waende. Yeye akabaki. Akaukusanya uzi aliokuwa ameumwaga, akauviringa upya kuwa donge, akaliweka mapajani pa Sekela. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya tangu azikwe mumewe: akavua viatu, akaketi mkekani.

"Nifundishe," alisema. "Nataka mkono wangu ujue ulichofanya."

Sekela akampa sindano nyingine, na Skolastika akatoa pindoni mwa kanga ya ndani donge lake mwenyewe, lile alilojiwekea kwa kipande cha msiba utakaofuata, ambalo alikuwa hajalianza.

"Usianze na idadi ya vitanzi vya bapa," Sekela alisema. "Anza na vingi zaidi. Hiki changu Ipyana alikianza na vichache, kwa kunionyesha tu, ndiyo maana kimekuwa chembamba. Ukisuka, kipande hujivuta ndani, kinaonekana kidogo. Sasa, vitanzi hivi vitatu vitoe, uviweke kwenye kijiti. Hapana, usivifume. Visubiri mbele. Vya nyuma vipite kwanza."

"Visubiri mpaka lini?"

"Mpaka vya nyuma vipite, mama."

Skolastika alifuma. Mara ya kwanza alikaza kama alivyozoea, na vitanzi vikagoma kabisa kupishana, kijiti kikavunjika. Sekela akachonga kingine. "Legeza," alisema. "Huu ukiukaza haupiti." Akalegeza. Kitanzi cha mbele kikaruka juu ya cha nyuma, na kwa mara ya kwanza kamba ikainuka chini ya kidole chake, nene, yenye joto kama mshipa.

Walikaa hivyo siku ile na siku zilizofuata. Wakati mwingine Sekela aliacha kufuma akalia, na Skolastika alishika vitanzi vyake visidondoke mpaka amalize. Kipande cha Skolastika kilikuwa hakijafika nusu donge lilipokwisha. Aligeuza kiganja, akautazama mkia wa uzi, mfupi kama ule aliouona kwa Sekela.

Akaenda nyumbani, akafungua sanduku mchana kweupe, akarudi na kitenge kimejaa madonge. Wanawake wa umoja walikuwa uani kwa Sekela wakitwanga. Aliwapita mpaka katikati yao, akasimama.

"Nilikuwa nawagawia sawa," alisema, "nikadhani nawagawia haki. Anayefuma bapa, donge moja linamtosha na kubaki. Msuko haufumwi kwa donge moja. Mtanisamehe, au mtanichagulia mwenzangu ashike ufunguo."

Tabea aliutua mchi. "Ufunguo kaa nao," alisema. "Ila na mimi utanipa kijiti. Nimechoka kufuma vitambaa vya meza."

Blanketi la Sekela liliungwa njegere zilipokuwa zinatoa maua. Walilitandaza juani kwanza. Vipande vya bapa vilizunguka, na katikati kikakaa kitovu, kinene kuliko vyote. Ukipitisha mkono kwa chini ungejua umefika pale hata ukifumba macho. Upande mmoja wa kitovu, sufu ilikuwa na weupe tofauti kidogo, kwa upana wa vidole viwili. Sekela alifunikwa, akainuka mwenyewe, akaenda kisimani.

Watu walipotawanyika, Skolastika alibaki nyuma na bunda kwapani. Lilikuwa blanketi lake la zamani. Alilikunjua mapajani mwa Sekela, akagonga kitovu chake kwa kucha, na kweli kililia kama ubao.

"Niliambiwa hiki ni kizuri," alisema.

Sekela alikibonyeza. Aliingia ndani akarudi na mkasi. Wakakata nyuzi za kuungia pande zote nne, taratibu, mpaka katikati pakabaki dirisha tupu. Kisha Skolastika akafungua sanduku la umoja mbele ya wenzake, akachukua donge, akachukua na la pili. Mumewe alikuwa na miaka mingi kaburini. Hakuna aliyemuuliza kwa nini sasa.

Bibi Anyisile alipepeta ungo, maganda yakaenda upande mmoja. Uzi wa moshi ulikuwa ukitoka jikoni, na kutoka chumba cha ndani ilisikika sauti ya mtu akivuta makamasi.

Lusajo aliinuka. Akamimina chai kwenye kikombe kikubwa, akafikiri kidogo, akachukua na birika lote.

"Unakwenda wapi na birika?" mdogo wake alimuuliza. "Shangazi ni mmoja, kikombe si kinatosha?"

"Msuko haufumwi kwa donge moja," alijibu Lusajo, akabisha hodi mlangoni kwa shangazi.