Viti vya Mzee Nkwabi

Kisome kisa hiki taratibu, halafu mtumie yule ndugu yako ambaye kila ukimuuliza hali anakujibu, "Tunashukuru." Huenda kikamfaa kuliko salamu.

Katika kijiji kimoja cha bara, kule ambako lami haijafika, aliishi bibi mmoja aitwaye Kalunde. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Binti yake wa pekee naye akafuata, akamwachia mjukuu wa kike, Shija.

Shija alikuwa na ugonjwa wa selimundu. Ulipompanda, mifupa ilimuuma mpaka akawa anauma pindo la kanga asipige kelele. Alikuwa ameshajua kwamba akilia yeye, bibi yake naye analia.

Daktari wa hospitali ya wilaya alimwambia Kalunde kwamba mtoto huyu asikose kliniki. Lakini hospitali ilikuwa mbali, na mwenye pikipiki hapokei maneno matamu badala ya nauli. Bibi akalima vibarua, akauza kuni, akauza na kuku wake wote. Ukafika msimu ambao hakuwa tena na cha kuuza. Siku ya kliniki ikapita na Shija amelala ndani.

Ndipo mtendaji wa kijiji alipopita na kipaza sauti. Maafisa wa serikali wanakuja, alitangaza. Watapita nyumba kwa nyumba kuangalia ni kaya zipi zinastahili kulipwa ruzuku ya kujikimu. Kalunde aliposikia hayo alitoka mbio hadi kizingitini asikose neno. Aliiona nauli ya Shija.

Sasa, anayestahili ni nani? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Kisimani, mwanamke mmoja aliapa kwamba jina la mwenye nyumba chafu linakatwa, kwa kuwa serikali haiwezi kumpa mtu mvivu. Mwingine akasema la hasha, wanachagua watu wenye adabu wanaojua kupokea wageni, kwa sababu mtu wa hivyo hawezi kwenda kunywea pombe fedha za umma. Kalunde alisikiliza yote, akayabeba pamoja na ndoo yake. Ofisi ya mtendaji ilikuwa pale pale njiani, mlango wazi, naye akaipita.

Kijiji kizima kiliipita. Aliyeingia kuuliza alikuwa mtu mmoja tu, Mzee Nkwabi.

Mzee Nkwabi alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, ng'ombe wa kulimia, kundi la mbuzi, redio kubwa, na viti vya mninga ambavyo watu walivisifia hata wakiwa hawajawahi kuvikalia. Alikuwa mtu ambaye hata kibiriti haazimi. Aliingia ofisini, akavua kofia, akauliza kwa upole:

"Hivi mtendaji, hawa wageni wanaangalia nini hasa?"

Mtendaji akamweleza bila kuficha, kama ambavyo angemweleza yeyote. Wanaangalia kaya inakula nini na inalalia nini. Wanaangalia ina mali gani, ina mgonjwa, ina yatima. Ile iliyopungukiwa ndiyo inayolipwa, na majina yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji.

"Ahsante sana, mwanangu," alisema Mzee Nkwabi, akavaa kofia yake na kuondoka.

Kwa siku chache zilizofuata, Mzee Nkwabi akashikwa na ukarimu wa ajabu. Alihamia kwenye kibanda cha udongo alichokuwa akiwekea majembe, akasema nyumba ya matofali ni ya mwanawe aliyeko mjini. Kisha akaanza kugawa vitu kwa majirani, huyu godoro, yule mbuzi.

Kalunde alimfuata akiwa amejikunyata. "Shikamoo, Mzee wangu. Nilikuwa naomba kiti kimoja tu, afisa asije akakaa chini."

"Marahaba. Kiti kimoja? Wageni wa serikali utawapa kiti kimoja, Kalunde? Chukua vyote. Chukua na meza. Chukua na redio."

"Mungu akuzidishie, Mzee wangu."

"Na usiwe na haraka ya kunirudishia. Kaa navyo mpaka mkutano wa kijiji upite."

Njiani Kalunde alijilaumu kwa yote aliyowahi kumfikiria yule mzee. Kumbe ni mtu mwema, alijiambia, tulimsema bure.

Siku ya ugeni ilipofika, nyumba ya Kalunde ilimeta. Alikuwa amesiriba kuta upya. Jirani yake, Mama Limi, alimwazima vikombe na chupa ya chai. Kuku alimpata kwa ahadi ya kwenda kulima shamba la mwenye kuku. Shija akaogeshwa, akapakwa mafuta, akaambiwa:

"Wageni wakiwa hapa usilalamike, mjukuu wangu. Hao ndio watakupeleka kliniki."

Siku hiyo maumivu yalikuwa yamempanda. Shija akaitikia kwa kichwa, akaingia chumba cha nyuma, akalala na pindo la kanga mdomoni.

Afisa aliyekuja alikuwa dada mmoja aitwaye Devota, mwenye sauti ya upole na vumbi la nyumba nyingi miguuni. Akakaribishwa, akaketi kwenye kiti cha mninga.

"Hali zenu, bibi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Tunashukuru."

"Na chakula, mnapata?"

"Tunashukuru. Hebu nawa mikono, kuku asipoe."

"Viti vizuri hivi. Ni vya hapa nyumbani?"

Kalunde akaona haya. Tangu azaliwe hakuwahi kuona mtu akimwambia mgeni kwamba kiti alichokikalia ni cha kuazima. "Ni vya hapa, mwanangu. Jiegemeze upumzike."

"Nimeambiwa unaishi na mjukuu. Anaendeleaje?"

"Yumo ndani, kajipumzisha. Hajambo."

Devota akaandika. Akala, akashukuru, akaenda nyumba ya pili. Kalunde alisimama mlangoni akimsindikiza kwa macho, kisha akaingia ndani mbio kumkumbatia mjukuu wake. "Tumefaulu," alimnong'oneza. "Amekula mpaka akalamba vidole."

Mkutano wa kijiji ukaitishwa majuma machache baadaye, kwenye uwanja wa shule. Katika majuma hayo Shija alizidiwa mara kwa mara, na kila mara bibi alimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto akimwambia avumilie, nauli inakuja.

Devota alisimama mbele akasoma majina ya kaya zitakazolipwa. Jina la Mzee Nkwabi likasomwa. Mzee akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa pole. Majina yakaendelea mpaka yakaisha, na la Kalunde halikusikika.

Mama Limi hakuweza kujizuia. "Na Bibi Kalunde je?"

"Kaya ya Bibi Kalunde inajiweza, mama," alijibu Devota. "Ina samani nzuri, inakula nyama, na haina mgonjwa."

Kalunde akayaona yote kwa mpigo mmoja, viti, kuku, maneno yake mwenyewe mazuri mazuri. Akamwona Shija na kanga mdomoni. Halafu akamgeukia Mzee Nkwabi, aliyekuwa anatazama ardhi, akaelewa ule ukarimu ulikuwa wa nini. Alitamani kupiga yowe.

"Kabla hatujafunga," alisema Devota, "kuna mwenye pingamizi juu ya jina lolote?"

Wote waliijua nyumba ya matofali ni ya nani. Lakini pia wote walijua msimu wa kulima uko karibu, na ng'ombe wa kulimia ni wa nani. Watu wakawa wanakuna vichwa na kutazama pembeni.

Kalunde akasimama. Mwanamke wa umri wake, aliyelelewa kama alivyolelewa, hawezi kumshitaki mzee mbele ya hadhara. Lakini kumshukuru, nani atamkataza?

"Mimi sina pingamizi, mwanangu," alisema. "Mimi nina shukrani. Namshukuru Mzee Nkwabi. Nilimwomba kiti kimoja, akaniazima viti vyote, na meza, na redio, ili ulipokuja kwangu usikae chini. Akaniambia nikae navyo mpaka mkutano huu. Leo ndiyo siku yenyewe. Mzee wangu, njoo uchukue mali yako watu wakiona, wasije wakasema Kalunde amekula cha mtu."

Uwanja mzima ukamgeukia Mzee Nkwabi.

"Mzee," aliuliza Devota taratibu, "vile viti ni vyako?"

Mzee Nkwabi akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena. Akisema ndiyo, ruzuku imemponyoka. Akisema siyo, viti vya mninga ameviaga mbele ya mashahidi.

Kutoka nyuma mtu mmoja akapaza sauti: "Na mimi, Mzee, wale mbuzi uliowaacha kwangu? Kama siyo wako, nimchinje mmoja leo?"

"Usichinje!" aliropoka Mzee Nkwabi.

Watu wakaangua kicheko ambacho walikuwa wamekizuia muda mrefu. Devota hakucheka. Alilikata jina la Mzee Nkwabi palepale, kisha akamwomba Bibi Kalunde waongozane hadi nyumbani.

Walipofika, Kalunde alivitoa viti nje kimoja kimoja, akatoa meza, akatoa redio. Nyumba ikabaki na mkeka, sufuria moja, na Shija aliyejikunja kwenye kona akiuma pindo la kanga. Devota alimtazama yule mtoto. Akavua viatu, akaketi chini kwenye udongo.

"Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza hali, mwanangu. Nami nitamwambiaje mgeni kwamba nina njaa, ndiyo kwanza ameingia?"

"Na mimi nilikula kuku wako nikaamini macho yangu," alisema Devota. "Nilipaswa kuomba kumwona mtoto. Nisamehe, bibi. Leo mimi si mgeni. Nimeshakaa chini. Hebu nikuulize upya. Hali zenu, bibi?"

Jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wa Kalunde, lile lile alilolitoa maisha yake yote, msibani na shambani, akiwa ameshiba na akiwa hajala tangu jana. Akamtazama Shija.

"Mbaya," alisema. "Hali ni mbaya, mwanangu. Tuna njaa. Na huyu mtoto anaumwa sana."

Shija akaisikia kauli hiyo pale konani. Akaiachia kanga, akalia kwa sauti, kilio kirefu cha mtoto anayeumwa, na kwa mara ya kwanza bibi yake hakumnyamazisha. Devota aliyaandika maneno ya Kalunde kama yalivyosemwa, huku karatasi ikimlowa machozi.

Jina la Kalunde liliingizwa kwenye malipo, na siku ya kliniki iliyofuata Shija alikuwa wa kwanza kupanda pikipiki.

Funzo: Haki yako inaweza kukupita mlangoni ukiona haya kuuliza masharti yake na ukiona haya kuisema shida yako. Uliza mapema kwa mwenye kujua wanaangalia nini, usitegemee ya kisimani, kisha waache waione nyumba yako kama ilivyo.