Hondohondo Atafuta Jina la Hali Yake

Paukwa!
Pakawa!
Na nyinyi kina baba mliokaa nyuma, itikieni. Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipenda maneno kuliko matunda, Hondohondo alioa. Desturi ya ndege hao mnaijua? Mke huingia kwenye tundu la mti akataga mayai. Mlango huzibwa kwa udongo, ukabaki ufa wa kupenya mdomo tu. Mume huleta chakula, akamlisha hapo ufani, mpaka makinda wakue.

Asubuhi moja makinda walianguliwa. Hondohondo akatoka, purrr! kwenda kuchuma makuyu. Kifua mbele.

Njiani Kanga akamwita, "Hongera, Bwana Hondo! Una ndoa sasa!"

"Ndoa!" Akalionja neno. Tamu.

Tumbili akacheka mtini. "Ndoa wapi! Sema umepata jiko."

"Mke wangu si jiko, bwana wee!"

Fisi naye akasimama. "Hizo ni pingu za maisha. Pole, ndugu yangu. Hii-hii-hii!"

"Si pingu!"

"Pingu!"

"Jiko!"

"Ndoa!"

"Kwa bibi yangu," akasema Kanga, "husema unyumba."

"Hilo! Hilo ndilo langu!" Hondohondo akaruka kwa furaha. Kumbe walikuwa wamebishana mpaka jua limeinama.

Akafika kwake. Ko, ko, ko!

"Mke wangu, nimepata jina! Hali yetu inaitwa unyumba!"

Mdomo wa mkewe ukatokea ufani, mkavu.

"Ahsante, mume wangu. Linatafunwaje?"

Hondohondo akasogea ufani.

"Mwanao mdogo hainui shingo tangu mchana. Msikilize."

Akatega sikio. Chi... Kisha kimya. Chi...

Akaruka. Purrr! mpaka mkuyuni. Purrr! mpaka kwake. Akapenyeza kuyu, akaenda, akarudi, akaenda, akarudi, hata giza lilipoingia. Hatimaye ndani pakalia: Chi-chi-chi-chi! Kelele tupu! Na kile kisauti kidogo kilizidi vyote.

Kesho yake Fisi akamzuia njiani. "Enhe, bwana harusi! Tumalize: ni pingu au ni jiko?"

Hondohondo akampita, purrr! Mdomo ulikuwa umejaa makuyu.

Basi, wanangu, na nyinyi wakubwa pia: mkioa na mkiolewa, iiteni hali hiyo mtakavyo, lakini mtunzane kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo, ufani. Walioshiba wamelala.