Mama Aliyeambiwa Akae Tu

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja aliyeletwa mjini na binti yake ili apumzike. Mama huyu alikaanga maandazi miaka na miaka, na kwa maandazi hayo binti akasoma hadi akawa mtaalamu wa nyota. Sasa binti ameapa mama hagusi sufuria. Mama akishika ufagio, ananyang'anywa. "Mama, kazi yako umeshaimaliza. Wewe kaa tu." Majirani walimsifu binti. Nani kati yetu asingemsifu? Lakini mama alikuwa ananyong'onyea pale kwenye kochi, na moyoni ameshaanza kufunga virago arudi kijijini.

Asubuhi moja akamkuta binti mbele ya kompyuta, anachekelea peke yake.

"Unatazama nini, mwanangu?"

"Nyota iliyokufa, mama. Ililipuka zamani sana. Hapa imepigwa picha kwa darubini ya kawaida."

"Mbona giza tupu?"

"Ngoja. Hii sasa ni picha ya eksirei." Ikatokea pete kubwa, inawaka kama jiko la mkaa lililopepewa.

Mama, ambaye goti lake lilishapigwa eksirei hospitali, akashangaa. "Na nani alipanda huko na mashine kuimulika?"

Binti akacheka hadi machozi. "Hamna anayeimulika, mama! Mabaki yenyewe ndiyo yanayotoa miali, yana moto mpaka leo. Macho yetu hayaioni, na hewa inaizuia isifike huku chini. Ndiyo maana darubini yake imerushwa juu kabisa."

"Kwa hiyo anayesema nyota hii imekwisha..."

"Ametumia chombo kisichofaa."

"Haya," akasema mama taratibu. "Na mimi mama yako, unanitazama kwa chombo gani?"

Binti akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na mfuko wa unga. "Mama, maandazi yangu hayaumuki. Nifundishe." Siku hiyo nyumba nzima ilinukia iliki, na mama alikanda unga huku akiimba, raha imemjaa tele.

Mnacheka? Mnadhani namsema yule binti? Sisi hapa tumewapa wazee wetu viti vya mbele, kisha tukawapokonya kila kazi, na tukaiita heshima. Leo ukifika nyumbani, zawadi iache kwanza. Mwombe mama yako kitu.