Bi Pimbi na Maji ya Mheshimiwa Kiboko

Hadithi ninayo.
*Itoe tuione.*
Ina miguu.
*Basi itembee.*
Sogeeni karibu, isije ikawapita.

Zamani, lakini si zamani sana, kwa sababu kura zilikuwa zimeshaanza kupigwa, palikuwa na kaunti ya wanyama, na ndani yake wadi moja ikiitwa Majabalini. Wakazi walimchagua Kiboko awe mwakilishi wao, aende kuwasemea kwenye bunge la kaunti. Kabla ya uchaguzi Kiboko alilala mtoni kama viboko wengine. Alipochaguliwa akasema mtoni kuna kelele, tena hakuna heshima. Akajenga boma la miiba kilimani, akaweka geti, akaanza kuitwa Mheshimiwa.

Chini ya kilima, kwenye mawe, aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua. Ni mdogo, hana mkia, na akiketi juu ya jiwe utadhani ni jiwe jingine.

Majabalini hapakuwa na maji. Kila asubuhi wakazi walishika ndoo wakateremka mtoni, tapu tapu, tapu tapu, mwendo wa nusu siku, na mtoni mamba anangoja. Siku moja Mama Kanga, jirani yake Bi Pimbi, alishuka na vifaranga sita, akarudi na wanne. Hakulia. Aliweka ndoo chini akaanza kuwahesabu, akafika wanne, akaanza tena. Bi Pimbi alimtazama mpaka akashindwa kutazama. Akasema, "Kesho nakwenda kwa Mheshimiwa."

Maana maji yalikuwepo. Serikali ya kaunti ilikuwa imechimba kisima kule juu na kuleta mabomba ya kuyashusha maji hadi kwa wakazi. Wakazi waliyaona mabomba yakipita. Yalipita, yakaingia getini kwa Kiboko, hayakutoka. Ndani ya boma kukawa na bwawa pana la tope laini, na Kiboko katikati yake, bwaa, amejilaza.

Bi Pimbi akaenda. Ngo ngo ngo. Ngiri, mlinzi wa geti, akachungulia.

"Mheshimiwa yuko mkutanoni. Njoo Jumatatu."

Jumatatu akaja. Ngo ngo ngo.

"Mheshimiwa yuko mkutanoni. Njoo Alhamisi."

Alhamisi akaja. Ngo ngo ngo.

"Mheshimiwa yuko mkutanoni."

Nyuma ya geti, bwaa, bwaa.

"Mbona huo mkutano nasikia una maji?" aliuliza Bi Pimbi.

"Ni mkutano wa maji," alijibu Ngiri.

Bi Pimbi hakubishana naye. Aliuliza tu Mheshimiwa akitoka hapo huenda wapi. Akaambiwa Jumanne huenda bungeni.

Jumanne Bi Pimbi alikuwa bungeni, nyuma kabisa, mahali wanaporuhusiwa kukaa wananchi. Spika wa bunge, Kobe, akauliza polepole, "Mheshimiwa wa Majabalini, yale maji ya wakazi yamefika?"

Kiboko akainuka. Akakohoa. "Mheshimiwa Spika, yamefika. Wananchi wanakunywa. Wananchi wanaoga. Wananchi wanafua. Mlango wangu uko wazi usiku na mchana."

Wenzake wakapiga meza, papapapa.

Bi Pimbi alihisi manyoya yamemsimama mwili mzima. Aliwaona wale vifaranga wanne machoni pake. Alitaka kuinuka apige kelele, lakini alijua mgeni anayepiga kelele bungeni hutolewa nje na habari yake ikaishia hapo. Akameza hasira. Akayarudia yale maneno kimoyomoyo. Kunywa, kuoga, kufua. Akaanza kutabasamu.

Kikao kilipokwisha alimfuata karani, Bwana Korongo.

"Bwana Korongo, aliyoyasema Mheshimiwa yameandikwa?"

"Kila linalosemwa humu huandikwa."

"Na mkazi anaweza kupewa nakala?"

"Ni haki yake, Bi Pimbi." Korongo akampa karatasi, akaigonga muhuri, pa.

Kesho yake wadi nzima ilipanda kilima na ndoo. Ngo ngo ngo.

"Mheshimiwa yuko mku..."

"Tunajua, ndugu yangu," alisema Bi Pimbi. "Hatukuja kumwona. Tumekuja kunywa."

Akamwonyesha karatasi. Ngiri akaisoma huku midomo ikimchezacheza, akauona muhuri, akafungua geti. Wakazi wakaingia wakanywa, gudu gudu gudu. Macho mawili yakaibuka kwenye tope.

"Hawa ni nani?"

"Ni wananchi, Mheshimiwa. Wanakunywa. Ahsante sana."

Siku ya pili, ngo ngo ngo. "Tumekuja kuoga." Akatangulia Kicheche, ambaye harufu yake mnaijua, akajisugua kila mahali. Akafuata Mzee Nungunungu, akajitikisa vizuri, na miiba yake iliyolegea ikabaki ndani ya tope. Walipoondoka, Kiboko akajilaza, bwaa, kisha akainuka kwa kasi ambayo hakuna aliyejua anayo.

Siku ya tatu, ngo ngo ngo. "Tumekuja kufua." Bwawa likajaa povu. Tumbili walileta mablanketi, wakakosa kamba ya kuanikia, wakayaanika mgongoni kwa Mheshimiwa, maana hapakuwa na kitu kingine kipana kama hicho.

Siku ya nne, Jumamosi, Kiboko aliwangoja getini mwenyewe. Akafungua kinywa, na kinywa kile kilikuwa kama mlango wa ghala.

"Ondokeni kwangu."

Wote wakarudi nyuma. Bi Pimbi naye miguu ilitaka kurudi. Moyo ulimdunda, dundu dundu, lakini akasimama palepale mbele ya yale meno.

"Tutaondoka, Mheshimiwa. Ila Jumatatu kamati ya maji ya kaunti inakuja kukagua. Wakikuta wananchi hawanywi, hawaogi, hawafui, sijui tutawaambia nini kuhusu yale maneno ya bungeni."

Kiboko akafumba kinywa. "Nani amewaita?"

"Mimi. Niliwaandikia waje waone kazi yako nzuri."

Kiboko akaitazama karatasi mkononi mwa Bi Pimbi. Akautazama muhuri. "Kwa hiyo mtakuwa humu hadi Jumatatu?"

"Na baada ya Jumatatu. Mzee Nungunungu amelipenda tope lako, anataka kuleta na wajukuu."

Kiboko akajigusa makalio. "Bi Pimbi, mama yangu, hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Mabomba yakifika Majabalini, tutakunywa huko, tutaoga huko, tutafua huko. Shida ni kwamba mafundi wako mbali na mabomba ni mazito. Sisi ni wadogo. Sijui nani katika wadi hii ana mgongo wa kuyabeba."

Wote walikuwa wakiutazama mgongo mmoja.

Basi Kiboko akang'oa mabomba bwawani, akayabeba, kishindo tii, tii, tii. Akachimba mtaro kwa meno yake mwenyewe. Bi Pimbi akakaa juu ya jiwe akielekeza. "Kushoto kidogo, Mheshimiwa. Hapo, hapo. Usituwekee kona." Jumapili jioni kazi ikaisha, na Kiboko akalala mtaroni akikoroma.

Jumatatu kamati ikafika. Bi Pimbi akafungua bomba. Likakohoa, kwi kwi kwi, kisha, shwaaa. Majabalini yote ikapiga vigelegele. Mama Kanga akasogea na wanawe wanne. Vifaranga wakaingiza miguu majini, wakaruka, wakaingiza tena, na mama yao akacheka. Bi Pimbi hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ile ya mtoni, akageuza uso kidogo ajifute macho.

Kamati ikasimamisha kibao kilichoandikwa, "Maji haya yameletwa na Mheshimiwa Kiboko kwa mgongo wake mwenyewe." Kiboko akavimba kwa fahari. Aliyeanzisha makofi alikuwa Bi Pimbi, tena aliyapiga kwa moyo wote, maana safari hii maandishi yalikuwa ya kweli.

Bwawa la kilimani likakauka. Kiboko sasa huteremka Majabalini kila siku akanywe, na mwenye shida humkuta hapo foleni, ndoo mkononi.

Funzo la hadithi hii ni kwamba raia mwema hukaa kwake akatulia, akamwachia kiongozi kazi yake. Nyote mmesikia nani alibeba mabomba.

Hadithi imechoka kutembea.
*Ikae, tuipe maji.*