Koti la Gervas na Jumapili ya Runinga

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mazimwi, ni hii ya juzi ambayo runinga zilikuwa zimeshapanda milimani kwetu upande wa Songea, alikuwapo mwanamke aitwaye Skolastika. Mume wake, Gervas Mbano, alikufa kwa homa ya siku tatu. Skolastika hakulia. Hakupiga yowe, hakugaragara, hakusema hata "maskini mume wangu". Alikaa mkekani akafunga mdomo, na mdomo ukakataa kufunguka.

Siku ya kwanza watu wakasema ni mshtuko. Wiki ya kwanza wakasema ni uchungu. Wiki ya tatu wakaanza kusema mengine, na wanawake wa kisimani mnawajua, hawakosi la kuongeza: mara amekula kiapo, mara kuna jambo analificha, mara Gervas mwenyewe kauchukua ulimi kaenda nao.

Basi kaka mkubwa wa marehemu, Ditrik, mtu mgumu kama kisiki cha mninga, akaita ukoo. Akasema mwanamke asiyesema hawezi kuachwa peke yake. Nyumba ikishika moto atamwita nani? Siku ya arobaini, siku ya kuanua tanga, ikimkuta bado kimya, atapelekwa Mbinga kwa wadogo zake na nyumba itafungwa. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akaongeza: "Ila atakayemfungua mdomo shemeji yangu kabla ya siku hiyo, koti la Gervas ni lake."

Koti lile lilikuwa la sufu, zito, rangi ya kahawa, vifungo vyake sita vyote vipo. Na baridi ya mwezi wa sita kwetu haiulizi umri. Hapakuwa na bega kijijini ambalo halikulitamani.

Skolastika aliyasikia yote hayo akiwa palepale mkekani. Nyumba ile alikuwa ameikandika kwa mikono yake, chumba kwa chumba. Alitaka kusema, "Siendi Mbinga." Alijaribu. Neno lilipanda mpaka kooni likakaa hapo, kama tonge la ugali lililokosa mboga.

Wa kwanza kuhangaika naye alikuwa mtani. Desturi mnaijua: Mngoni akifa, Mhehe ana ruhusa ya kumcheka, tena akiacha kucheka amewatupa wafiwa. Luvanda alikuwa Mhehe aliyekuja kuchimba visima akaoa hukuhuku. Siku ya mazishi alilala kaburini akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Baadaye akawa anakuja kila asubuhi. Leo anamwigiza Gervas anavyotembea, tumbo mbele. Kesho anamwigiza anavyokoroma kwenye mahubiri. Keshokutwa anadai Gervas alimrithisha mke, naye amekuja kuangalia kama mke mwenyewe anajua kupika. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Skolastika kimya. Siku thelathini na tano Luvanda anakuja, siku thelathini na tano Skolastika kimya.

Siku ya thelathini na sita ilikuwa Jumapili. Jirani yake, Kandida, akaja na runinga kichwani, ameifunga kwa kanga. Kandida huyu alikuwa na cheko la kusikika ng'ambo ya mto, na wapo wasemao kwamba katika usichana wake yeye na Gervas waliwahi kuvuka mto huo pamoja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Hayo tuyaache. Alikuja kwa sababu kila Jumapili saa kumi alasiri palikuwa na mchezo wa kuigiza ambao kijiji kizima kiliufuata, naye hakutaka ampite, wala hakutaka kumwacha jirani peke yake.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa msiba. Ulichekesha, ukaliza, ukachekesha tena, na kijiji kiligawanyika kwa ajili yake. Vijana walisema ni kweli tupu. Wazee wengine walisema hiyo ni kuchezea mauti. Katekista alisema ni dhambi, na kila Jumapili aliisema dhambi hiyo akiwa amesimama mlangoni kwa Kandida mpaka mwisho, maana kwa hesabu zake aliyesimama hajatazama.

Siku hiyo wote wakahamia kwa Skolastika. Katekista naye akahamisha mlango.

Mchezoni, mjane alikuwa amepakua chakula cha marehemu mumewe, kwa mazoea tu, akakifunika. Akaingia jamaa mmoja mlafi, kazi yake kuzunguka misibani akila. Akafunua, akaanza. Mjane akamwambia, "Hicho ni cha mwenyewe." Mlafi akajibu huku anatafuna, "Mwenyewe ndiye kanituma."

Kandida akaangua kicheko. Alicheka peke yake, ndani ya nyumba ya tanga, na watu wote wakamgeukia kama aliyetema mate altareni. Hakujali. Na Skolastika, kwa mara ya kwanza katika siku thelathini na sita, akainua uso. Kitu kilimfinya mbavuni, akatazama kile kioo.

Mjane wa mchezoni hakumfukuza mlafi. Aliketi mbele yake akasema, "Basi kula polepole. Yeye alikuwa anakula polepole."

Hapo Ditrik akalia. Kisiki cha mninga, aliyetoa amri mazishini bila kupepesa jicho, alilia mpaka kofia ikaanguka. Walikua wakila sahani moja, yeye na Gervas, na mdogo alikuwa akitafuna taratibu, na mkubwa akimaliza fungu lake alikuwa akimnyang'anya. Skolastika akasimama kutoka mkekani, akaketi kando ya shemejiye, akampa ncha ya kanga yake ajifute.

Luvanda yeye hakucheka, hakulia. Alikasirika. Siku thelathini na tano amejigaragaza mavumbini, halafu anakuja mlafi wa kwenye kioo, hana utani na mtu humu ndani, anachekewa na kuliliwa. Sahanini pamebaki kipande kimoja cha nyama, mkono wa mlafi uko njiani, na Luvanda akachomoa waya.

Nyumba ikanyamaza. Katika kunyamaza huko ikatoka sauti kavu, kama ya mlango wa ghala.

"Luvanda, rudisha," Skolastika akasema. "Nataka nione kama hiyo nyama ya mwisho amemwachia mwenyewe."

Mbinga ikafutwa palepale. Lakini koti je?

Siku ya kuanua tanga, Kandida ndiye aliyetangulia kuliomba. "Siku thelathini na tano za utani hazikumwinua uso, kicheko changu kimemwinua. Nimebeba runinga kichwani, nimecheka nyinyi mkinitazama kama mchawi. Msibani wa kwanza kucheka ndiye anayebeba aibu. Nimeibeba."

Ditrik akasema, "Kuinua uso hata kuku huinua. Mimi nimemwinua mkekani. Tena ahadi ilikuwa yangu, na aliyevaa koti hilo alikuwa wa tumbo moja na mimi."

Luvanda akauliza, "Kandida alipocheka, mjane alisema? Ditrik alipolia, alisema? Nilipozima ndipo aliposema. Mngoni ukimbembeleza anasinzia. Mnyang'anye kitu chake ndipo asimame kidete."

"Ulizima kwa wivu," Kandida akamwambia.

"Kwa wivu, nimekataa? Mvua ikinyesha kwa hasira, mahindi hayaoti?"

Watu wakagawanyika tena, vibaya kuliko walivyogawanyika kwa mchezo. Waliokuwa wamebana kicheko walisimama na Kandida, waliolia walisimama na Ditrik, na katekista, ambaye hakutazama, alisimama na Luvanda, maana kumbe naye alikuwa na uchungu wa kutouona mwisho wa ile nyama. Ditrik akasema yeye aliyeahidi ameshakuwa mdai, hawezi kuamua. Aamue aliyefunguliwa.

Skolastika akaingia chumbani, akatoka na koti. Bado lilikuwa na harufu ya tumbaku na ya Gervas. Akasimama katikati yao, akamtazama mmoja mmoja. Bila yule kucheka, asingetazama. Bila huyu kulia, asingesimama. Bila yule kuzima, asingetaka kitu tena duniani kiasi cha kukiomba. Lakini alijua jingine pia. Kandida alicheka kwa kuwa mchezo ulimchekesha. Ditrik alimlilia ndugu yake. Luvanda alizima kwa wivu. Saa ile, kati yao hapakuwa na aliyekuwa akimfikiria yeye. Na yule aliyemfikiria siku thelathini na tano, siku zote hizo hazikumfungua.

Koti ni moja, wadai ni watatu, na mwenye kulitoa ameshafungua mdomo kutaja jina. Haya, nyinyi mnaocheka, na nyinyi mnaojifuta macho pembeni mkidhani hamuonekani, msaidieni kutaja: koti hilo ni halali ya nani?