Kadi ya Bibi Namsifu

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyempenda sana, na kosa lake lilianzia hapo hapo. Jina lake Kajiru, fundi wa kuandika programu za kompyuta. Zahanati ya kijijini kwao, huko milimani, ilimwomba programu ya kutafuta kadi za wagonjwa, maana kadi zilikuwa zimefika elfu kumi na moja na muuguzi alikuwa mmoja tu. Kajiru akaiandika kwa moyo wote.

Kabla ya kuikabidhi, aliipima. Aliandika jina la mama yake, Nakijwa, akahesabu muda kwa simu. Mara ya kwanza kadi ilichukua dakika nne kuonekana. Kajiru akacheka, akasema mashine bado ina usingizi, na muda ule hakuuandika popote. Akalirudia jina lile lile mara tisa, na kila mara kadi ilikuja kwa sekunde moja. Mnaona, ndugu zangu? Ile mara ya kwanza mashine ilipekua kadi zote. Baada ya hapo ilikuwa inamkumbuka mama tu. Lakini Kajiru aliandika kwenye karatasi, "Kadi moja, sekunde moja," akaibandika ukutani, akarudi mjini na furaha yake.

Wakubwa wa zahanati waliiamini karatasi. Dawa hutolewa kadi ikishapatikana, na ikiwa kadi ni sekunde moja, dirisha la dawa likae wazi kutwa kwa nini? Wakaamua lifunguliwe saa nne na kufungwa saa sita, ili muuguzi apate nafasi ya kuwazungukia wagonjwa majumbani. Nia ilikuwa njema. Hakuna mtu mbaya katika habari hii, na ndiyo maana inaniuma.

Bibi Namsifu, mjane wa kitongoji cha juu, aliteremka kufuata vidonge vyake vya shinikizo la damu. Dirisha likafungwa kabla zamu yake haijafika. Wiki iliyofuata akateremka tena, likafungwa tena. Wiki ya tatu alikuja hana hata kidonge kimoja nyumbani, kichwa kinamgonga, anapumzika kila baada ya hatua chache. Siku hiyo Kajiru naye alikuwa amekuja kuitazama kazi yake. Mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi na kikapu cha ndizi alizomletea mwanawe, akimwambia kila aliyepita, "Mwanangu kaipima kwa jina langu mimi. Mara kumi!"

Kajiru aliona foleni imefika getini, akawatania watu kwamba maongezi ndiyo yanayowachelewesha. Bibi Namsifu hakucheka. Alishika ukingo wa dirisha asianguke, akamwambia, "Mwanangu, mama yako umempima mara kumi. Mimi nipime mara moja tu."

Kajiru akatoa simu ahesabu muda, akaliandika jina la bibi kwenye mashine. Ikapita dakika moja, ikapita ya pili. Ya tatu ilipopita, mama yake aliacha kumenya ndizi. Dakika ya nne ilipotimia, saa sita ikafika, na muuguzi akanyoosha mkono afunge dirisha. Kajiru akalizuia kwa bega. Ndipo kadi ikatokea, na bibi akakimeza kidonge pale pale, kwa maji ya Mama Kajiru. Dirisha halikufungwa siku hiyo mpaka mtu wa mwisho alipoondoka na dawa yake.

Kajiru aliibandua ile karatasi mwenyewe, uso umemshuka. Tangu hapo akawa anapima kazi yake kwa majina ya watu asiowajua, na muda wa mara ya kwanza ndio aliouandika juu kabisa.

Nampenda Kajiru, maana namjua. Ndiye mimi, ndiye wewe. Akilia mtoto wetu, tunafika kwa sekunde moja, na tunajisifu kwamba moyo wetu ni mwepesi. Sasa wewe, ndugu yangu, huruma yako umeipima kwa nani?