Gunia la Kung'arishia Machungwa

Aliyemwambia mama kijana mmoja kwamba machungwa ya sadaka hung'arishwa ni Mama Shekiondo, jirani yake. Mama huyo alikuwa na mtoto mchanga, naye aliolewa kutoka nchi ya mihogo na mbuzi; chungwa alilijua likiwa limeshamenywa. Na mwaka ule, wapendwa, jumuiya yake ilimkabidhi matenga mawili ya machungwa ya mavuno, ayatunze mpaka Jumapili, siku ya mnada pale kwenye uwanja wa kanisa.

"Bibi harusi," Mama Shekiondo alimwambia, "mwaka jana jumuiya ya bondeni walitucheka. Machungwa yetu yalikuwa na vumbi kama miguu ya mbuzi! Chukua kipande cha gunia, sugua mpaka ujione sura."

"Nitasugua, mama."

Alikuwa na haya, hata kukohoa mbele za watu hawezi. Akaona hapa ndipo pa kupata heshima bila kusema neno. Akaketi, akasugua. Mara akakuta chungwa moja lina doa laini, na juu ya doa kuna unga wa kijani. Lilikuwa la bibi mjane wa mwisho wa njia, ambaye mti wake mmoja ndio shamba lake lote. Akalipangusa, labda litafaa. Halikufaa. Akalitupa shimoni, akaendelea na mengine kwa gunia lilelile, tena kwa nguvu. Tenga la kwanza likang'aa kama viatu vya askari siku ya gwaride. La pili hakuligusa, maana mtoto aliamka akadai haki yake, na mdai wa namna ile hasikilizi udhuru.

Jumamosi kina mama wakaja kukagua. Tenga la kwanza likafunuliwa. Lahaula! Machungwa yamelegea, ukungu mweupe pembeni, kijani katikati, na harufu ya kumkimbiza nzi. Tenga la pili, na vumbi lake lote, lilikuwa zima.

Wote wakamgeukia. Mama kijana akatamani ardhi immeze pamoja na mtoto wake. Ndipo kauli ikamtoka, kwa sauti ndogo:

"Kulikuwa na moja bovu."

"La nani?"

"La... la bibi wa mwisho wa njia."

"Nilijua!" alisema Mama Shekiondo. "Mti umechoka kuliko mwenyewe. Kesho asiguse tenga letu!"

Hata jua halijazama, njia nzima ilikuwa na habari hiyo, kila mlango na chumvi yake. Bibi akaisikia akiwa kisimani. Akarudi na ndoo tupu, akafunga mlango.

Sasa niwaulize, ndugu zangu. Chungwa la bibi lilikuwa shimoni tangu siku ya kwanza. Lilitoka humo kwa miguu gani, likaenda kuwaozesha wenzake?

Basi sikieni. Jioni yule mama kijana alilishika tena lile gunia, akaona nyuzi zake zimejaa unga wa kijani. Ganda zima ukungu hauliwezi. Lakini gunia lilikwaruza maganda, likaufungulia mlango, kisha likaupaka palepale. Chungwa bovu halikuozesha tenga. Kilichoozesha ni usafi wetu.

Nasema wetu, maana ndio sisi hao. Nani hapa hajawahi kusema "jamani, tumwombee fulani", kisha maelezo yakawa marefu kuliko sala? Mnacheka! Nami nacheka, maana najijua. Kosa la mwenzetu Mungu ameshalifukia shimoni. Sisi bado tuna unga wake viganjani, tunapita nyumba kwa nyumba, tunasugua watu waliokuwa wazima. Wakioza tunauliza, "Nani ameleta ubovu hapa?" Ndugu yangu, kabla hujauliza, tazama ulichoshika mkononi.

Na yule mama, mnadhani alilala? Alfajiri ilimkuta na macho mekundu. Asubuhi hiyo, kabla ya kengele ya kwanza, alimfunga mtoto mgongoni akasimama mlangoni kwa Mama Shekiondo.

"Hodi! Mama, si bibi. Ni mimi na gunia langu."

"Taratibu, mwanangu, majirani watasikia!"

"Ndiyo, mama. Nataka wasikie."

Akashika njia, mlango hadi mlango, kila penye ile habari akaacha nyingine, ya kweli, na sauti yake ikizidi kupanda. Nyuma yake Mama Shekiondo alifuata huku akifunga kilemba vizuri, maana naye alikuwa na milango aliyoipelekea habari ile. Walipofika mwisho wa njia, mama kijana alibisha hodi kwa nguvu mpaka kuku wa bibi wakaruka ua.